Masika ya Rimoti ya Baba

Jumatatu, 10 Machi

Nesi wa kliniki ya presha ameniambia nikipandwa na hasira niandike badala ya kufoka. Nikamwambia basi anitafutie daftari nene. Alicheka, akadhani namtania.

Haya, naandika. Naitwa Eugenia, fundi wa redio, televisheni na inveta hapa Visiga, na tangu mwaka jana ni muuguzi wa baba yangu mzazi, Mzee Laurean. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kushoto, mdomo kikauacha salama. Leo mdomo huo umeniamuru nivute kasha la bati lililo chini ya kitanda chake. Ndani yake kuna rimoti ya ndege.

Ndege yenyewe inaning'inia stoo, ya mbao nyepesi, mabawa yake yanazidi mikono yangu nikiinyoosha yote miwili. Aliachiwa na mwalimu mmoja Mnorwe aliyefanya naye kazi kwenye karakana ya chuo, kabla mimi sijazaliwa. Rimoti ni boksi la chuma lenye vijiti viwili, swichi kadhaa, mkanda wa kuvaa shingoni na antena ndefu ya kuvuta. Tulipokuwa wadogo, kila Jumapili baada ya misa tulikwenda Kisarawe, kwenye uwanja wa rafiki yake Mzee Mwinyimadi, akairusha. Mdogo wangu Brighton alifundishwa kurusha. Mimi nilibeba chupa ya mafuta na kitambaa cha kufutia. Siku niliyothubutu kugusa kijiti nilichapwa, nikaambiwa huu si mwiko wa ugali.

Mzee Mwinyimadi amekwisha kufariki, na watoto wake wameuza uwanja. Bi Mwanamvua, mjane wake, ametupigia simu kutuambia kwamba mnunuzi ataanza kujenga ukuta masika ikikatika. Ndipo baba akaniambia hivi, neno kwa neno: "Ifufue hiyo rimoti. Brighton aje airushe pale kabla hawajajenga. Niione mara ya mwisho."

Mimi nifufue, Brighton arushe! Mimi ninayemwogesha, mimi ninayemkatia nyama vipande vidogo, na Brighton ambaye tangu Krismasi hajaonekana hapa. Kweli asante ya punda ni mateke.

Jumatano, 12 Machi

Nimeifungua. Betri za zamani zimetapika, na matapishi yake ya kijani yameila bodi mpaka njia za shaba zimekatika. Hata kama ningeziunga, mawimbi yale ya zamani siku hizi hayaaminiki, na spea zake hazipo popote. Lakini vijiti ni vizima. Ni laini, havijalegea hata kidogo, ukivisukuma vinarudi katikati taratibu. Waliovitengeneza walikuwa mafundi.

Kwa hiyo nimeamua: nitang'oa matumbo yote, nibakize boksi, vijiti na swichi. Ndani nitaweka bodi ndogo ya kompyuta itakayosoma vijiti, na kirusha mawimbi cha kisasa chenye ukubwa wa kiberiti. Kwenye ndege nitafunga risiva mpya ya kupokea mawimbi hayo na mota ya umeme badala ya ile injini ya mafuta.

Nilipomwonyesha bodi iliyooza aliigeuzageuza kwa mkono wake mzima.

"Umeiua," akasema.

"Ilishakufa, Baba. Tazama kutu."

"Ilikuwa imelala. Wewe ndiye umeiua."

Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikayaandika haya.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Amekataa uji, eti una mabonge. Haukuwa na hata bonge moja.

Jumanne, 18 Machi

Latifu, dereva wa bajaji anayenibebea mizigo, ameniletea vifaa vyangu kutoka Kariakoo. Yuko kwenye mfungo, lakini swaumu haijampunguzia maneno. Alipoona rimoti imepasuliwa juu ya meza akaniuliza kama nimeamua kumfanyia mzee upasuaji kwa siri.

"Ni ya kurusha ndege," nikamwambia.

"Sasa mzee ataishikaje na mkono mmoja? Si unajua kidole kimoja hakivunji chawa?"

"Hataishika yeye. Ataishika Brighton."

"Brighton yule wa suti? Dada, yule hata bajaji yangu anaigusa kwa leso."

Nilicheka, kisha nikaona haya kwa kumcheka ndugu yangu, kisha nikakumbuka kwamba ndugu yangu mwenyewe hajapokea simu yangu tangu juzi. Haya ikaniisha.

Jumapili, 23 Machi

Ugomvi wa antena. Kirusha mawimbi kipya kina antena yake fupi, haizidi kidole, nimeichomoza juu ya boksi. Ile ndefu haina kazi tena, nikaifungua nikaiweka kwenye kopo la nati. Baba kaniita, kaniuliza iko wapi. Nikamweleza. Kaniuliza tena iko wapi. Nikamweleza tena, safari hii kwa sauti.

"Rudisha," akasema.

"Haifanyi kazi, Baba. Haijaunganishwa na kitu."

"Na mimi mkono huu hauna kazi, haujaunganishwa na kitu. Umeukata?"

Nimeirudisha. Skrubu nimezikaza kwa hasira.

Jumamosi, 29 Machi

Imewaka! Nikisukuma kijiti, mota ndogo zilizo ndani ya ndege zinavuta vibawa, vile vipande vinavyocheza nyuma ya mabawa, juu na chini kwa utii ambao katika nyumba hii sijawahi kuuona kwa mtu yeyote. Najua baba hatakubali kutoishika kabisa, na kwa kuwa ana mkono mmoja, nimepanga kila kitu kiendeshwe na kijiti cha kulia, na mota iwashwe kwa swichi. Ile rimoti ya zamani isingeweza hata kidogo. Nimemwambia hivyo. Akasema inanuka risasi ya kuchomelea.

Nimegundua na jambo jingine. Nikiiunganisha rimoti na kompyuta kwa waya, ninaweza kurusha ndege ya kwenye skrini, mchezo fulani unaofuata upepo na uzito kama ndege ya kweli. Baba akiuliza nasema napima vijiti. Leo nimepima vijiti tangu nilipofunga duka mpaka wali ukaungua.

Niliandike jambo hili mara moja lisinisumbue tena. Nataka kuirusha mimi. Sitaki kusifiwa, sitaki kuombwa radhi kwa ile fimbo. Nataka baba aniwekee rimoti mikononi kwa hiari yake, nami niirushe juu ya uwanja wa Mwinyimadi huku yeye anatazama. Basi. Nina miaka arobaini na zaidi na hicho ndicho ninachokitaka, na nikikisoma hapa najiona mtoto, na hilo nalo linanikasirisha.

Jumapili, 6 Aprili

Nimeangusha ndege nyingi za kwenye skrini. Bahati nzuri zile hazihitaji gundi.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo daftari halitatosha.

Mvua ilituachia nafasi asubuhi, baba akasema hasubiri Brighton, tuijaribu hapa hapa kwenye kiwanja cha mpira. Brighton atairusha Kisarawe, leo ni majaribio tu, rimoti ataishika baba mwenyewe. Latifu akambeba mpaka kwenye bajaji, tukamweka kwenye kiti cha plastiki pembeni ya goli. Nikamvalisha mkanda shingoni. Akaniagiza nivute antena yote. Nikaivuta. Watu wakaanza kukusanyika: wachuuzi, wanakwaya waliokuwa wakitoka mazoezini, na wale vijana ambao sijui kazi yao ni nini.

Latifu akakimbia nayo, akairusha. Ikapanda! Naapa ilipanda vizuri, mota inalia kama nyuki, na kwa kitambo kile kifupi nilimpenda kila mtu aliyekuwa kiwanjani.

Kisha bawa la kushoto likainama. Nikaona kidole cha baba kinasukuma kijiti kulia ili kuliinua. Likazidi kuinama. Akasukuma zaidi. Ndege ikalala ubavu, ikageuza pua, ikajipigiza karibu na nguzo ya goli. Bawa moja likabaki limesimama kwenye matope.

Watu walicheka. Wacheke, si kitu, hata mimi ningecheka. Lakini baba alipaza sauti, sauti ambayo nyumbani huniambia haina nguvu za kuomba maji, akasema mbele ya wote: "Ndiyo maana sikumgusisha tangu utotoni. Nilijua. Mwanamke na ndege wapi na wapi!"

Mimi nikaokota vipande. Nimeokota vipande vya ndege hiyo tangu nikiwa mdogo, mikono inajua kazi yake. Kisha nikamwacha pale pale, kwenye kiti chake, nikatembea kwenda nyumbani bila kugeuka. Latifu ndiye aliyemrudisha.

Sijamsemesha mpaka sasa. Nimempa chakula, nimempa dawa, sijampa neno.

Jumapili, 13 Aprili

Nimelijua kosa, na ni langu. Televisheni unaipima ukiitazama usoni. Ndivyo nilivyozoea, na ndivyo nilivyoiweka ndege mezani, pua yake ikinielekea. Kushoto kwangu kukawa kulia kwake. Vibawa vikasogea upande niliotaka mimi ninayetazama, siyo upande anaoutaka anayeruka. Anayejua ndege husimama nyuma ya mkia anapopima. Mimi sikufundishwa kusimama nyuma ya mkia. Nilifundishwa kushika kitambaa.

Nilikwenda kumwambia, kwa sababu kosa ni kosa. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Uliipima ukiwa mbele yake."

"Ulijua?"

"Bawa lilipoinama tu nilijua."

"Basi kwa nini hukugeuza kidole? Ungesukuma kushoto ingeinuka!"

Akageuza uso ukutani. Nikautazama mkono wake wa kulia, ule mzima, ukiwa juu ya shuka. Nikakumbuka jana: bawa lilianza kuinama, kisha kitambo kikapita, ndipo kidole kikasogea. Akili ilishafika, kidole kikachelewa. Huo mkono tunaouita mzima nao umeanza kuondoka, na yeye anajua, na jana alichagua kunivunja mimi mbele za watu ili wasiutazame mkono wake.

Ningepaswa kumhurumia. Nimemhurumia kidogo. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa, na langu bado bichi.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Brighton alisema anakuja. Pilau limeliwa na mimi, Latifu na paka.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua haikati. Barabara ya kwetu imekuwa mto. Nimelitengeneza bawa kwa lile sponji gumu linalofungiwa televisheni mpya, nikalibandika gundi, nikalizungushia selotepu pana. Sura mbaya, lakini ni jepesi kuliko la zamani.

Baba amekuja na mpango mpya. Amesema Mnorwe alimfundisha kwa rimoti mbili zilizounganishwa kwa waya, moja ya mwalimu, moja ya mwanafunzi. Rimoti ya mwalimu ina kitufe. Mwalimu akikibonyeza na kukishikilia, ndege iko mikononi mwa mwanafunzi. Akikiachia tu, ndege inarudi kwa mwalimu papo hapo.

"Mimi nitakuwa mwalimu," akasema. "Brighton mwanafunzi. Mwambie anunue rimoti nyingine, hizi za siku hizi."

Ni mpango mzuri, na hicho ndicho kinachoniuma. Kubonyeza kitufe anaweza. Na bila waya naweza kuutengeneza, kwa sababu kirusha mawimbi kipya kinaweza kupokea pia. Nilimtazama nikisubiri aone ni nani aliye mbele yake, mwenye mikono miwili, aliyeketi kitandani kwake. Akaniambia nimwongezee mto.

Jumamosi, 3 Mei

Brighton amekuja. Yaani gari lake limekuja, likasimama kando ya barabara ya Morogoro, taa za hazadi zinawaka, akanipigia nitoke. Akanipa boksi kupitia dirishani. Rimoti mpya ya plastiki, nyeusi, nyepesi mpaka inaudhi.

"Shuka umsalimie baba yako," nikamwambia.

"Dada, nina haraka, kuna mtu ananisubiri Mlandizi."

Hapo ndipo maagizo yote ya nesi yalipopeperuka. Nilimwambia yote, mvua inaninyeshea, malori yananirushia maji. Nilimwambia habari ya kuogesha na kugeuza. Nilimwambia alipewa kila kitu akakitupa, na mimi nilinyimwa na bado naitwa niokote. Nilimwambia kwamba ndege ile ilikuwa yake, nami nilikuwa mbeba chupa, na leo hata kushuka garini hawezi. Nilipiga paa la gari kwa kiganja.

Nilisema mpaka nikaishiwa. Kisha akazima injini.

"Unadhani nilipewa," akasema. "Dada, wewe ulinyimwa, nakubali. Mimi nililazimishwa. Kila ilipoanguka nilikula kofi mbele ya Mzee Mwinyimadi na watoto wake. Ulikuwa wapi wewe?"

"Nilikuwa naokota vipande."

"Ndiyo. Ulikuwa umenipa mgongo. Mimi kila Jumapili kwenye misa nilikuwa namwomba Mungu mvua inyeshe. Nimelileta hilo boksi kwa sababu umeniomba. Uwanjani siji. Sitashika tena kile kitu, hata akinilaani."

"Basi mwambie mwenyewe."

"Nitampigia," akasema. Nilijua hatampigia.

Nimerudi nimelowa chapachapa na boksi mkononi. Miaka yote hii nimemwonea wivu mtu aliyekuwa akilia nyuma yangu. Sasa hasira yangu dhidi ya Brighton haina pa kukaa. Imehamia kwa baba, ambaye tayari nilikuwa nimemwekea ya kutosha.

"Kaleta?" baba akauliza.

"Kaleta."

"Anakuja lini Kisarawe?"

Nikamwambia mvua ikikatika. Sikuwa na ujasiri wa kusema jingine.

Jumamosi, 10 Mei

Umeme umekatika tangu asubuhi. Baba kaniuliza mara tatu kama Brighton kapiga simu. Nimejibu mara tatu bila kufoka, jambo ambalo linastahili kuandikwa.

Jumapili, 18 Mei

Mwalimu na mwanafunzi, yaani zile rimoti mbili, sasa wanaongea. Nimeipima ndege nikiwa nimesimama nyuma ya mkia, mara nyingi kupita kiasi. Baba ameketi kitandani na boksi lake la chuma shingoni, antena imevutwa yote mpaka inagusa neti, anabonyeza kitufe na kuachia, anabonyeza na kuachia. Mimi nashika ile ya plastiki nikijifanya Brighton.

Anafanya mazoezi. Hajasema, lakini ndicho anachofanya, anazoeza kidole kushikilia. Kinachoka haraka, kinateleza, anakirudisha kwa matusi ya Kihaya ambayo mama alikuwa akitukataza tusiyasikilize. Nilitaka kucheka, nikamrekebishia mto badala yake. Sipendi ninapomwona hivyo. Ni rahisi zaidi kumchukia akiwa na nguvu.

Jumatano, 28 Mei

Bi Mwanamvua kapiga simu. Kokoto zimeshamwagwa pembeni ya uwanja. Mafundi wanaanza Jumatatu. Nimemwandikia Brighton ujumbe. Ameusoma, hajajibu.

Jumapili, 1 Juni

Tumetoka asubuhi bila misa. Latifu aliichukua njia ya Kiluvya, matope mpaka magotini, mara mbili nimeshuka kusukuma na gauni langu la Jumapili. Baba alivaa koti lake la karakana na tai. Tai! Kwa ajili ya Brighton.

Uwanja bado upo, umezungukwa na mihogo na mikorosho, na mafungu ya kokoto upande wa barabarani. Bi Mwanamvua alitutolea mkeka na kiti.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Lauriani, mbona umekonda hivyo? Mwanao hakupi kula?"

"Ananipa uji wa mabonge," baba akasema. Nikameza.

Tukamweka kwenye kiti. Nikamvalisha mkanda, nikavuta antena. Nikaiweka ndege tayari. Ile rimoti ya plastiki ikabaki juu ya mkeka. Tukasubiri. Kila gari lililosikika baba aligeuza shingo. Jua likatoka, likaingia, wingu zito likaanza kujikusanya upande wa Pugu. Latifu akaangalia wingu, akaniangalia mimi, akaenda kuigeuza bajaji ielekee barabarani.

Nikapiga magoti mbele ya kiti cha baba. "Haji," nikasema. "Aliniambia tangu siku ile alipoleta boksi. Haji kwa sababu ulimpiga makofi hapa hapa kila ilipoanguka. Anaiogopa mpaka leo."

Baba akatazama tena barabarani. Kisha akasema, "Basi. Turudi."

"Turudi?"

"Mwanafunzi hayupo. Turudi nyumbani."

Nilisimama. Sijui nilisema kwa sauti gani, Bi Mwanamvua anasema hata waliokuwa shambani waliinua vichwa. Nilisema: mwanafunzi yupo! Nilisema nimekuwepo tangu nina miaka saba, na chupa ya mafuta mkononi. Nilisema mimi ndiye niliyeng'oa kila kilichooza ndani ya boksi hilo nikatia kipya, kila waya ulio chini ya kidole chako nimeuchomelea mimi, nimejifundisha kurusha kwenye kompyuta huku ukinilaumu kwamba naunguza wali, na ukitaka kurudi rudi, lakini utarudi ukijua kwamba uliweza kuiona ndege yako juu ya uwanja huu kwa mara ya mwisho ukakataa kwa sababu aliyeshika ni mimi. Nilikuwa nalia. Sikujali.

"Lauriani," Bi Mwanamvua akasema taratibu. "Kesho hapa pana ukuta."

Sikumsubiri ajibu. Niliokota ile plastiki, nikasimama kando ya kiti chake, bega langu karibu na sikio lake. Nikamwambia Latifu achukue ndege.

"Baba, nisikilize," nikasema. "Ukibonyeza, ni yangu. Ukiachia, inarudi kwako, na huwezi kuishika, wewe unajua na mimi najua. Ukiachia itaanguka. Ukitaka ianguke, achia. Ukitaka iruke, shikilia mpaka mwisho. Mimi siwezi kukubonyezea."

Nilitazama mbele. Sikutaka kuona uso wake. Latifu alisimama mwisho wa uwanja na ndege juu ya kichwa, anasubiri. Nikasukuma kijiti kulia, kibawa hakikusogea. Nikasukuma tena, hakikusogea. Nilikuwa karibu kuitupa rimoti kwenye mihogo.

Kisha kibawa kikasogea.

"Rusha!" nikapiga kelele, Latifu akakimbia.

Ilipanda. Si kama kwenye skrini, kwenye skrini hakuna upepo unaokupiga usoni wala mama wa watu anayepiga vigelegele nyuma yako. Nikaigeuza juu ya mikorosho, ikatii. Nikairudisha, ikapita juu yetu, selotepu ya bawa inang'aa. Na muda wote baba alikuwa ananifokea.

"Inua pua! Inua pua, we mtoto! Usiivute hivyo, inakosa mwendo! Punguza mota! Unakwenda wapi huko? Rudi!"

Nilimjibu kwa ukali uleule. Tulifokeana juu ya uwanja mzima. Nilipopata nafasi nikashusha macho mara moja tu. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, kucha imekuwa nyeupe, mkono wote unatetemeka kuanzia kiwiko, na alikuwa amekibana kidevu chake juu ya kile kidole ili kisiteleze. Tai ilikuwa imejikunja chini ya kidevu. Alikuwa anaitazama ndege kwa kupandisha macho tu, kama mtu anayechungulia juu ya ukuta.

Nikarudisha macho juu. Nilijua hataweza muda mrefu. Nikapunguza mota, nikaileta kwa upande wa mihogo, ikashuka, ikagusa majani, ikatambaa kwa tumbo ikasimama. Bi Mwanamvua akasema Alhamdulillahi.

Baba akainua kidevu. Alikuwa na alama nyekundu ya kitufe pale chini. Mate yalikuwa yamemtoka upande ule wa kushoto, nikamfuta kwa kitambaa, na hakunikataza.

"Nani kakufundisha?" akauliza.

"Hakuna."

"Ndiyo maana unageuzia kulia tu. Kila kona kulia. Ndege ina pande mbili."

Nilijiandaa kukasirika. Nilikuwa na haki yote. Latifu alikuwa anarudi, miguu imejaa matope, ndege nzima mikononi.

"Betri ina nguvu bado?" baba akauliza.

"Ya mzunguko mmoja. Lakini mvua inakuja, Baba, tazama."

Aliitazama mvua. Nikasubiri aseme turudi. Nikasubiri aseme jina la Brighton.

"Safari hii geuza kushoto," akasema, akainamisha kidevu, akabonyeza.